Usafi unalipa, lakini piga hesabu kabla ya kugombea tenda

Na Mwandishi Wetu

BIASHARA ya usafi wa majengo ni miongoni mwa chache ambazo mtu mwenye mtaji mdogo anaweza kuingia leo na kupata mteja wiki hii hii. Haihitaji kiwanda, haihitaji duka Kariakoo, na bidhaa yake haiozi ghalani. Ndoo, madekio, sabuni ya maji, glavu na watu wawili waaminifu vinatosha kuanza.

Katika miaka ya karibuni mlango wa biashara hii umepanuka zaidi kwa Watanzania. Hata hivyo, wanaoingia kwa mbio ndio hao hao wanaotoka baada ya mwaka mmoja wakiwa na madeni. Sababu mara nyingi si kukosa kazi. Wamepata kazi kwa bei isiyolipa, kwa mteja anayelipa baada ya miezi mitatu, wakati mishahara inadaiwa kila mwisho wa mwezi.

Wiki hii ukurasa huu unaangalia soko hilo lilivyo, fursa zilipo, na hesabu ambayo kila mwenye kampuni ya usafi anapaswa kuifanya kabla ya kutia saini mkataba.

SOKO LILIVYOFIKA HAPA

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 mfagizi wa ofisi alikuwa mwajiriwa wa ofisi hiyo hiyo. Wizara ilikuwa na wahudumu wake, shirika la umma lilikuwa na wake, na benki vivyo hivyo. Mashirika ya umma yalipoanza kurekebishwa na kuuzwa, na watumishi kupunguzwa, kazi za usafi zilikuwa miongoni mwa zile za kwanza kutolewa nje kwa mkataba.

Upande wa taka za mitaani, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilianza mwaka 1994 kwa kumpa mkandarasi mmoja binafsi kata chache za katikati ya jiji. Baadaye utaratibu huo ulipanuliwa, na vikundi vya wananchi na kampuni ndogo vikagawiwa maeneo ya kuzoa taka na kukusanya ada.

Leo jiji lenyewe limekua mno. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Maghorofa yamejaa kuanzia Posta hadi Morocco na Mwenge. Kuna vituo vya mabasi yaendayo haraka tangu 2016, kituo kikuu cha mabasi cha Mbezi Luis tangu 2021, na stesheni za reli ya SGR zilizoanza kupokea abiria mwaka 2024. Kila jengo la namna hiyo lina sakafu, vioo na vyoo vinavyohitaji kusafishwa kila siku, mvua inyeshe au jua liwake.

Dodoma nayo imeongeza soko. Kuhamia kwa Serikali katika mji wa Mtumba kumeleta majengo ya wizara ambayo hayakuwapo miaka kumi iliyopita. Mfanyabiashara wa Dodoma, Singida au Morogoro hana tena sababu ya kuamini kwamba kazi kubwa za usafi ziko Dar es Salaam peke yake.

AMRI YA JULAI 2025

Julai 2025 Serikali ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15 nchini. Usafi wa majumbani, maofisini na wa mazingira umo katika orodha hiyo, pamoja na biashara za rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu na nyinginezo. Mgeni anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo, na kufutiwa vibali.

Kwa mwenye kampuni ndogo ya Kitanzania hii ni nafuu. Lakini kuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza, amri inamgusa pia raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara iliyokatazwa. Adhabu yake ni faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Kwa hiyo anayekuja kwako akitaka utumie jina lako kwenye leseni, yeye awe mwenye mashine na mikataba, anakuletea kesi badala ya mtaji.

La pili, amri hiyo ilizua malalamiko kutoka Kenya, kwa hoja kwamba inakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki iliyoanza kutumika mwaka 2010. Mambo ya namna hii huweza kurekebishwa mezani. Mwekezaji mwenye busara atautumia muda huu kujenga jina na kazi nzuri, asitegemee kwamba ukuta huo utamlinda siku zote.

TENDA ZA SERIKALI

Tangu mwaka 2023 zabuni za umma zinapitia mfumo wa kompyuta uitwao NeST, uliochukua nafasi ya ule wa TANePS. Aliyezoea kusubiri tangazo gazetini na kupeleka bahasha kwa mkono amekwisha kuachwa nyuma. Asiyejisajili katika mfumo hayumo kwenye mashindano.

Sheria pia imetenga asilimia 30 ya manunuzi ya mwaka ya kila taasisi ya umma kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Usafi ni kazi inayofaa kabisa kwa fungu hilo, kwa kuwa haihitaji mitambo ya mamilioni mengi. Kikundi cha akina mama watano au kumi waliokwisha kufanya kazi ya usafi kwa mwajiri mwingine kina ujuzi wa kutosha kuomba.

Aidha, mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ilirejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25 baada ya kusimamishwa mwaka 2023. Mgawo wake ni asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa kampuni ya usafi, matumizi bora ya fedha hizo ni kushikilia mishahara ya miezi ya mwanzo wa mkataba. Gari la kampuni lisubiri. Sababu tutaiona hapa chini.

HESABU YA TENDA MOJA

Tuchukue mfano wa jengo la ofisi linalohitaji wafanyakazi 12. Takwimu hizi ni za mfano tu. Msomaji aweke za kwake. Tuseme kila mfanyakazi analipwa shilingi 250,000 kwa mwezi.

Mishahara ya watu 12: sh. 3,000,000.

Michango ya mwajiri: NSSF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi (WCF) na tozo ya ujuzi (SDL), ambayo humgusa mwajiri mwenye watu 10 au zaidi. Tuweke asilimia 15 kwa usalama: sh. 450,000.

Mtu wa kushika zamu ya aliye likizo, pamoja na michango yake: sh. 287,500.

Sabuni, dawa za vyoo, karatasi na mifuko: sh. 450,000.

Matengenezo na uchakavu wa mashine: sh. 150,000.

Sare, glavu na viatu: sh. 62,500.

Usimamizi na usafiri: sh. 300,000.

Jumla ya gharama: sh. 4,700,000 kwa mwezi.

Wengi huusahau mstari wa tatu. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo. Ukiwa na watu 12, karibu kila mwezi yupo mmoja ambaye hayupo kazini na bado unamlipa. Usipomweka wa kushika zamu, ghorofa moja halitafagiliwa na meneja wa jengo atapiga simu.

Sasa tuseme umeomba kazi kwa sh. 5,400,000 kwa mwezi. Ziada ni sh. 700,000, kama asilimia 13 ya bei. Si haba.

Lakini mteja akilipa baada ya siku 90, utakuwa umetoa mfukoni sh. 14,100,000 kabla ya kuona senti. Kama fedha hizo umekopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, riba peke yake ni sh. 423,000 kila mwezi, na itaendelea kwa muda wote ambao mteja anabaki nyuma kwa miezi mitatu. Ziada yako imeshuka hadi sh. 277,000.

Hapo hujagusa kodi ya zuio. Mteja akilipa, atakata asilimia 5 ya malipo ya huduma na kuipeleka TRA, yaani sh. 270,000 kila mwezi. Fedha hiyo haijapotea, kwani utaihesabu katika kodi yako ya mwaka. Lakini mwezi huu haimo mkononi. Kwa waliosajiliwa VAT, Sheria ya Fedha ya 2025 ilianzisha pia zuio la VAT la asilimia 6 kwa huduma. Kizingiti cha kusajiliwa VAT kilipandishwa mwaka 2023 kutoka mauzo ya shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka, na mikataba minne ya ukubwa huu inakufikisha hapo.

Je, ukishusha bei kwa asilimia 10 ili umshinde mwenzako? Bei inakuwa sh. 4,860,000. Ziada inabaki sh. 160,000, na ukiondoa riba ile unapata hasara ya sh. 263,000 kila mwezi. Umeshinda tenda, na kwa miezi 12 utamlipa mteja wako ili umfagilie.

KIMA CHA CHINI KIMEPANDA

Jambo jingine linalobadilisha hesabu ni mishahara. Oktoba 2025 Serikali ilitangaza kima cha chini kipya kwa sekta binafsi kuanzia Januari 1, 2026. Wastani uliotangazwa ulipanda kutoka sh. 275,060 hadi sh. 358,322. Huo ni wastani wa sekta zote. Kila sekta ina kiwango chake katika amri hiyo, na mwenye kampuni asome kiwango kinachomhusu asikisie.

Aliyeingia mkataba wa miaka miwili au mitatu kwa bei ya zamani, bila kifungu cha kupitia bei sheria ya mishahara inapobadilika, amekwama. Hawezi kulipa chini ya sheria, na mteja hana wajibu wa kuongeza. Mara nyingi anayebanwa ni mfagizi: anacheleweshewa mshahara, michango yake ya NSSF inakatwa lakini haifiki, au anafanya zamu mbili bila malipo ya ziada. Sheria inasema wiki ni saa 45, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Kampuni inayoishi kwa kuwanyima wafagizi haki hiyo inasubiri barua kutoka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).

Kwa hiyo kila mkataba mpya uwe na kifungu kimoja kifupi: kima cha chini kikibadilishwa na Serikali, bei ya kazi itapitiwa upya. Mteja mwelewa hukubali. Akikataa, ongeza kinga hiyo katika bei tangu mwanzo.

WATEJA WANAOLIPA PAPO HAPO

Fursa kubwa kwa mwenye mtaji mdogo iko kwenye kazi ndogo zinazolipwa siku hiyo hiyo, taslimu au kwa simu. Tenda za ofisi zinafuata nyuma. Soko hili limegawanyika hivi.

Makochi, mazulia na magodoro. Familia nyingi za mjini zina makochi ya kitambaa, na vumbi la Dar es Salaam halichagui mtaa. Mashine moja ya kunyonya maji na vumbi na watu wawili wanaweza kuzunguka nyumba mbili au tatu kwa siku. Mteja akiona maji meusi yakitoka kwenye kochi lake, hahitaji kubembelezwa kulipa, na jirani yake atauliza namba yako.

Matangi na visima vya maji. Mgawo mkali wa maji wa mwaka 2022 jijini uliwakumbusha wengi umuhimu wa tangi. Wengi wananunua tangi, wachache wanalisafisha. Kazi hii hujirudia, kwa hiyo andika tarehe ya kila tangi ulilosafisha na umpigie mteja baada ya miezi sita. Daftari hilo ni mali kuliko tangazo. Kwenye visima vya chini ya ardhi usimshushe mtu peke yake bila kamba na mwenzake juu, maana hewa ya mle inaweza kuua.

Usafi wa baada ya ujenzi. Kila nyumba mpya Goba, Kibada, Bunju au Madale humalizwa na madoa ya rangi na saruji juu ya vigae na vioo. Hulipwa kwa kazi, si kwa mwezi. Fanya urafiki na mafundi vigae na wapaka rangi, kwani wao ndio wanaojua nyumba ipi inakabidhiwa wiki ijayo.

Nyumba za kupangisha kwa siku. Masaki, Mikocheni, Mbezi Beach na Zanzibar zina nyumba nyingi zinazopangishwa wageni kwa usiku mmoja au wiki. Mgeni akitoka saa nne asubuhi, mwingine anaingia saa nane. Mwenye nyumba yuko tayari kulipa vizuri kwa mtu asiyechelewa, anayebadilisha mashuka na kuripoti kilichovunjika. Soko hili linalipia uaminifu na saa.

Kupuliza dawa za wadudu. Hapa faida ni nzuri lakini si kazi ya kuingia kienyeji. Viuatilifu vinasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na anayefanya biashara hii anapaswa kuwa na usajili na mafunzo. Kama huna, chukua kazi na mpe mwenye usajili kwa makubaliano ya kamisheni.

Kuna pia wanaopiga mahesabu ya fainali za AFCON za 2027, ambazo Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kuziandaa kwa pamoja. Hoteli na viwanja ni kazi nzuri ya muda mfupi. Lakini mashindano ni ya wiki chache. Kodi mashine kwa ajili yake, usizinunue kwa mkopo wa miaka mitatu.

VIFAA NA DAWA

Anayeanza hukimbilia mashine kubwa ya kusugua sakafu kwa kuwa inaonekana vizuri kwenye picha. Mashine inayotumika mara moja kwa wiki ni deni lililokaa stoo. Nunua ile ambayo kazi ulizonazo tayari zinaitumia angalau siku tatu kwa wiki. Nyingine kodi.

Sabuni ya maji kutoka kwa wazalishaji wadogo ni nafuu kuliko ya viwandani na inapatikana kwa madumu. Angalia alama ya TBS, na uijaribu kwenye kona ya sakafu kabla ya kuimwaga sebuleni kwa mtu. Sabuni kali huua mng'aro wa vigae, na gharama ya vigae itakuwa yako.

Wafundishe wafanyakazi jambo moja kabla ya mengine yote: dawa ya klorini isichanganywe na asidi ya kusafishia vyoo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na katika choo kisicho na dirisha unaweza kumwangusha mtu kwa muda mfupi.

KANUNI YA MIEZI MITATU

Ushauri wa ukurasa huu kwa mwekezaji mdogo ni mmoja. Usichukue kazi ya kulipwa kwa mkopo ambayo gharama yake ya miezi mitatu inazidi fedha ulizo nazo mkononi. Katika mfano wetu wa jengo la watu 12, hiyo ni sh. 14,100,000. Kama una milioni 5, kazi yako kwa sasa ni jengo la watu wanne, na nguvu zako nyingine zote ziende kwenye makochi, matangi na nyumba mpya. Fedha za huko ndizo zitakazokuvusha kwenda kwenye jengo kubwa mwaka ujao, bila kugonga mlango wa mkopeshaji.

Kabla ya kuomba tenda, waulize wanaofanya kazi hapo sasa: mshahara wenu unatoka tarehe ngapi? Jibu la mfagizi litakueleza tabia ya mteja kuliko karatasi zote za zabuni.

HALI YA SOKO KWA UFUPI

Ofisi za Serikali: mahitaji makubwa, malipo taratibu, faa kwa makundi maalumu yenye akiba.

Ofisi na benki binafsi: mahitaji imara, ushindani mkali wa bei.

Makochi, mazulia na matangi: mahitaji yanapanda; malipo papo hapo; faa kwa anayeanza.

Nyumba mpya: mahitaji mazuri; kazi za mafungu; yategemea mafundi unaowajua.

Nyumba za wageni wa siku: mahitaji yanapanda Dar es Salaam na Zanzibar; malipo mazuri kwa wasiochelewa.

Dawa za wadudu: faida nzuri, usiingie bila usajili.